Munganga Aliyeimba Nje ya Mlango

Boti ya Uvira ilikuwa imekwisha kuachia kamba. Maji kati yake na gati yalikuwa yakipanuka, moshi mweusi unatoka nyuma, watu wa juu wanawaaga watu wa chini, na wa chini wanadai masufuria yao yaliyosahaulika juu. Ndipo akatokea mwanaume wa bluzi nyeupe, lile koti la waganga, anakimbia, sanduku la barafu kifuani kama amebeba mgonjwa.

"Nahodha! Ngojea!"

Nani amsikie? Akatazama huku na huku, akamwona mwanamke ameketi juu ya valizi yake ya nguo, amevaa kikwembe cha kijani chenye samaki wa manjano na kilemba kilichofungwa kwa haraka ya safari.

"Mama, samahani, unishikie hii. Usiiweke chini, usiifungue, usiikalie."

"Kuko nini ndani?"

"Mukojo."

"Ya nani?"

"Ya watu wengi!" Na akakimbilia kwa wenye mitumbwi ya injini, akaanza kubishana nao bei.

Mwanamke akabaki na sanduku mapajani. Jina lake Consolate, mtu wa Bukavu, ameshuka Kalemie asubuhi hiyo. Kazi yake ilikuwa kukagua vituo vinavyopima wafanyakazi wa ziwani na wa reli, kama wamekunywa pombe au wamevuta bangi kabla ya kushika usukani. Alikuwa anakagua kwa kujificha: anaingia kituoni kama mtu anayetafuta kazi, anapimwa kama wengine, macho yake yanafanya kazi kimya kimya. Na sasa, kabla hajatafuta hata chumba, kosa la kwanza lilikuwa limemkalia mapajani. Chupa zikishafungwa haziachwi mkononi mwa mtu asiyejulikana.

Mwanaume akarudi anahema, anacheka, jasho limemlowesha shingo. Akapokea sanduku kwa mikono miwili, akampa mwenye mtumbwi, mtumbwi ukaifuata boti ili sanduku lifike maabara ya Uvira.

"Mama, umeniokoa. Miye Barthélemy. Hapa bandarini wananiita Munganga wa Mukojo, usishangae. Uko muntu ya wapi?"

"Bukavu. Nimekuja tafuta kazi ya kupika mu maboti."

"Basi utapita kwangu. Hakuna anayepika, anayefunga kamba wala anayeshika usukani bila kunipulizia."

"Kukupulizia nini?"

"Kesho utaona, Mama Mupishi."

Kituo kilikuwa kontena la chuma lililopakwa rangi nyeupe, nyuma ya magodauni. Ndani: meza, mashine ya pumzi, friji ndogo, na choo upande wa nyuma. Consolate alitegemea uchafu. Akakuta meza inang'aa. Barthélemy alifungua mdomo mpya wa mashine mbele yake, akamwonyesha namba iko kwenye sifuri.

"Puliza, mama. Kama vile unawasha makala yaliyolowa."

Akapuliza. Sifuri.

"Na asubuhi nilikunywa munkoyo ya mahindi," Consolate akasema kumjaribu.

"Munkoyo kama haijalala siku nyingi njo uji wenye kiburi. Ikilala, mashine itakusema. Haya, chupa hii hapa."

Alifunga bomba la maji ili mtu asizimue mkojo, akatia rangi ya bluu ndani ya choo. Vizuri kabisa. Consolate akavua sakoshi yake begani ili aiache nje, maana kanuni ndiyo hiyo. Barthélemy akamrudishia.

"Mwanamuke na sakoshi yake, mama. Ingia nayo."

Halafu, badala ya kusimama karibu na mlango na kusikiliza, akatoka nje kabisa, mpaka uani. Consolate akiwa ndani akasikia sauti nzito, nzuri, ya mtu wa korali, inaimba wimbo wa kanisa mpaka bati linatetemeka.

Akatoka na chupa yake, mdomo umebana kicheko.

"Papa Munganga, mbona unaimba?"

"Ili usione haya." Alisema bila utani. "Kwetu kule Fizi, mwanaume anayesimama mulangoni mama akiwa chooni, hata mbuzi zinamucheka. Na wazee pia nawaimbia. Nitamusimamia namna gani muntu wa umri ya baba yangu?"

Consolate alikuwa amekagua vituo vingi. Pengine walimgongea mlango, pengine walimchungulia. Hakuna aliyewahi kumwimbia. Alipofika nje, jua la bandari likampiga usoni, akajikuta anarudia ule wimbo chini chini. Kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kuona, na lilikuwa linamfurahisha.

Alipaswa kukaa Kalemie mpaka amalize na vituo vya reli. Akapanga chumba mtaa wa Kataki. Simu zikaanza.

"Halo, Mama Mupishi. Umekula?"

"Nimekula samaki mukeke ya kuchoma."

"Peke yako?"

"Pamoja na mifupa."

"Hiyo mifupa iko na bahati."

"Wee! Una maneno. Niimbie basi."

"Kwani uko chooni?"

Akacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Siku nyingine walitembea mpaka pale mto Lukuga unapotoka ziwani, yeye na kikwembe cha samaki, Barthélemy na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Barthélemy akamweleza habari za mama yake, anayepanda boti ya Moba kila juma na mifuko ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. "Ndiyo maana nilitaka hii kazi, sheri. Nikimupima mushika usukani, nampima anayemubeba mama yangu."

Consolate akamtazama, akatazama maji. Kila siku alijiambia kesho atasema yeye ni nani. Kesho ikawa kesho.

Ikawa siku moja ameketi sokoni kwa akina mama wa samaki, anajifanya anangoja kazi. Jirani yake alikuwa Tina, mke wa Damien, mshika usukani wa boti ya Moba. Tina alikuwa mcheshi, na alimpenda Mama Mupishi.

"Unaogopa kupimwa? Wee mama! Bwana yangu bangi njo chai yake, na hawajamukamata hata siku moja."

"Namna gani?"

"Si munganga anaimba? Damien anaingia na kachupa ya mukojo ya mutoto kwapani, ipate moto ya mwili. Wimbo ukifika pa aleluya, anamimina." Wanawake wote wakaangua kicheko. Consolate naye akacheka, maana asingecheka wangeshangaa. Samaki aliyekuwa anamla akageuka udongo mdomoni.

Akisema, Barthélemy anaacha ile bluzi nyeupe. Akinyamaza, Damien anaendelea kushika usukani, na mama mwenye ndagala yuko ndani. Akampigia mkuu wake.

"Shefu, hiki kituo umutume mwingine. Miye roho yangu imeingia mule."

"Roho itangoja. Umeona nini?"

Akamweleza yote, wimbo na kwapa.

Mkaguzi mwingine, Thierry, alipofika, Consolate aliomba aende naye. Hakutaka Barthélemy asikie kwa mdomo mwingine. Alivaa suruali nyeusi, shati jeupe, kitambulisho kifuani. Barthélemy akamkaribisha kwa meno yote.

"Mama Mupishi! Leo umevaa kama muntu ya banki."

"Barthélemy, siye mupishi. Nakagua vituo kama hiki. Tangu ile siku ya gati."

Meno yakafungika.

"Basi zile simu zote njo kazi?"

"Simu haikuwa kazi."

"Na kule Lukuga?"

"Haikuwa kazi."

"Nilikuimbia, Consolate."

"Njo kosa lenyewe." Akakishika kitambulisho kifuani. "Ulikuwa unaimba muzuri, na Papa Damien alikuwa anamimina mukojo ya mutoto."

"Papa Damien? Yule aliyenishika mukono siku ya ubatizo?"

"Yeye mwenyewe."

Hakuamini. Damien akaitwa, koti na mkoba vikabaki mezani, Thierry akasimama mlangoni na kunyamaza. Damien alikaa ndani muda mrefu, halafu akaomba maji, halafu akaomba msamaha. Boti ya Moba ilichelewa, akina mama walitukana mpaka mchana. Kontena likafungwa. Barthélemy alivua bluzi, akaikunja vizuri, akamwekea Consolate mkononi kama ile siku alivyomwekea sanduku, bila kumtazama.

Alirudi kwa kaka zake, akanunua na kuuza ndagala. Consolate alipiga simu. Simu ikalia bure. Aliandika ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa.

Lakini kazi ya ndagala inampandisha mtu boti. Siku moja Barthélemy alikuwa ndani ya boti ya Moba pamoja na mama yake, upepo ukaamka, mawimbi yakaingia mpaka kwenye magunia. Akajikuta anamtazama mshika usukani mpya machoni. Macho yalikuwa meupe, mkono hautetemeki. Mama yake alikuwa amesinzia juu ya mifuko, mdomo wazi. Alisinzia vilevile zamani, na Damien mbele. Walipofika Mpala, Barthélemy alishuka akapiga simu akiwa bado na maji ndani ya viatu.

"Halo," Consolate akasema. "Nilifikiri simu yako ilikufa."

"Ilikuwa na hasira. Leo mama yangu alikuwa ndani ya boti."

"Najua anapandaka kila juma."

"Ulikumbuka?"

"Siku ile sokoni sikuwaza kitu kingine, Barthélemy. Niliwaza mama yako, halafu wewe. Samahani sikukuambia mapema niko nani."

Barthélemy akamwaga maji ya kiatu kimoja, upepo unapiga ndani ya simu. "Ile shati yangu ya pasi haina tena mahali pa kwenda," akasema.

Wapimaji wote, hata Barthélemy aliyekuwa amevua bluzi, waliitwa kufundishwa upya, ndani ya sale ya mikutano ya parokia. Mwalimu alikuwa Consolate, amerudi na kikwembe cha samaki. Siku ya mazoezi alijifanya mfanyakazi, akamwita Barthélemy awe mpimaji. Wengine wakakaa kwenye mabenchi kutazama.

"Sakoshi ibakie hapa, mama," Barthélemy akasema. Akafunga bomba. Consolate akaingia chooni na chupa, akafunga mlango. Barthélemy akasimama karibu, mikono nyuma, jasho linamtoka kama anapigwa picha.

Kimya.

"Barthélemy? Uko?"

"Niko. Kanuni inasema ninyamaze, nisikilize."

"Unasikia nini?"

"Nasikia hakuna kitu kinachotoka."

Mabenchi yakacheka. Mama mmoja mpimaji wa reli akajifunika uso kwa kitenge.

"Nakungoja uimbe," Consolate akasema.

"Siimbi. Lakini nina swali moja, haiko mu kanuni."

"Uliza."

"Nitume wazee kwenu Bukavu?"

Mabenchi yakainama mbele. Mlango ukafunguka. Consolate akaweka chupa mezani, kavu kabisa, macho yake ndiyo yamelowa.

"Mufanyakazi ameshindwa kutoa kipimo," akasema kwa sauti ya mwalimu. "Munganga amemuchekesha na kumuliza. Hilo nalo kosa."

"Na wazee?"

"Waje na mbuzi munene. Baba yangu anajua kutazama mbuzi."

Damien alitolewa kwenye usukani, sasa anauza mafuta ya pikipiki karibu na reli. Tina bado anauza samaki, haongei na Consolate, lakini harusini alikuja na alikula. Thierry alihamishwa Manono. Kontena limefunguliwa, lina mpimaji mwanamke kwa ajili ya wanawake, na ndoano ya sakoshi nje ya choo. Consolate hakagui tena kituo hiki, anakagua vya reli tu. Barthélemy anapima wanaume. Anasimama mlangoni na kunyamaza, na chupa ikishafungwa na kutiwa muhuri, anaimba. Mama yake anapanda boti ya Moba kila juma, na analala njia nzima.