Jua la Saa Kumi

Harufu ilimkuta Bi Bimkubwa akitoka kutupa taka. Alikuwa akirudi polepole kwenye ujia wa ghorofa ya tatu, mkono mmoja ukutani, na alipofika mbele ya mlango wa marehemu Zadock akasimama. Palinuka kanga zilizokauka juani. Si sabuni, wala si mashine za kufulia za kule chini. Ilikuwa ile harufu ya nguo iliyoshinda kwenye kamba kutwa nzima, ambayo ukiikunja bado ina moto. Na huu ulikuwa mwezi wa Januari, huku Hopkins ughaibuni, nje kumeganda, madirisha ya jengo hayajafunguliwa tangu Novemba.

Akainusa tena. Mara ya pili nywele zilimsimama, kwa sababu ilikuwa tamu mno.

Zadock, mzee wa Kenya kama yeye, alikuwa amekufa wiki tatu nyuma. Walimkuta kwenye benchi la nyuma ya jengo, kifua wazi, miguu mitupu, amekauka kwa barafu, uso ameuinua kama mtu anayeota jua. Stacy, msimamizi wa jengo, alisema mzee alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Neno lile lilimkereketa Bi Bimkubwa hadi leo. Zadock asahau? Zadock aliyejua saa ya kila kidonge chake na cha jirani zake? Watu walitafuta neno jepesi la kufunikia mambo, wakalipata, wakaenda zao.

Mwanawe Badawy aliporudi kutoka kazini hotelini Bloomington, kibandiko cha jina lake bado kifuani, Bi Bimkubwa alimweleza habari ya ile harufu.

"Mama, hiyo ni stress tu. Unakaa ndani sana."

"Na anayeniweka ndani ni nani?"

Badawy akaitazama simu yake. "Nimeongea na Stacy. Kesho wanakuja ku-install alarm mlangoni. Ukitoka, simu yangu inalia. Ni kwa usalama wako."

"Mimi mbuzi, nifungwe kengele?"

"Mama, hata Mzee Zadock alianza hivi hivi. Kunusa vitu."

Bi Bimkubwa alikuwa na miaka sabini na miwili, amelea watoto watano na kumzika mume, na sasa kila alisemalo lilipelekwa kwanza kwa msichana wa ofisini likapimwe kwa Kiingereza. Alilala na hasira kama aliyemeza jiwe.

Kengele ikafungwa. Siku ya tatu baadaye, saa kumi alasiri, jua la huko likianza kuzama na nyumba imebaki kimya, akasikia nyayo tupu zikiburuzwa kwenye zulia la ujia. Zikasimama mlangoni pake.

"Bimkubwa. Bimkubwa wee. Njoo barazani, jua limetulia."

Ilikuwa sauti ya dada yake Khadijah, aliyezikwa Mombasa mwaka juzi, na yeye Bimkubwa hakwenda kumzika kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Hakuamua kuinuka. Alijikuta tu ameinuka, mtandio umemdondoka, mkono uko kwenye kitasa, na kitasa kina vuguvugu kama kikombe cha chai, na moyoni hamna hofu hata chembe, mna hamu tu, hamu ya kutoka, ya kukaa, ya kuvua haya masweta matatu waliyomvika na kuhisi jua mabegani.

Ndipo mlango wa pili ukafunguliwa. Hapo alikaa Mukandayisenga, bibi wa Kikongo kutoka Uvira, mjane kama yeye. "Eliezer," alisema kwa furaha, "niko nakuya, ningoje kidogo."

Eliezer alikuwa mumewe. Alikufa vitani.

Hasira ilimrudisha Bi Bimkubwa katika akili zake. Kumbe kitu hiki kinaita kila mtu kwa sauti ya maiti wake! Akauvuta mlango. Kengele ikapiga ukelele jengo zima. Hakuna aliyetoka.

Mukandayisenga alikwishaanza kushuka ngazi, miguu mitupu, sweta lake limebaki kwenye kipandio cha kwanza. Bi Bimkubwa akamfuata huku ameshika reli kwa mikono miwili, magoti yakimlilia, akiita jina la mwenzake asiitikiwe, na kila ghorofa aliyoishuka ile harufu ilizidi kuwa nzito na joto lilizidi kupanda, hata alipofika mlango wa nyuma jasho lilikuwa likimchuruzika mgongoni, na alipousukuma baridi ikampiga usoni kama kofi, macho yakajaa machozi, machozi yakaanza kuganda kwenye kope, na katikati ya theluji yote ile akaona benchi, na juu ya benchi mgongo wa Zadock.

Kitu kile kilimgeukia. Uso ulikuwa wa Zadock, lakini mdomoni hapakutoka mvuke. Mukandayisenga, aliyesimama mbele yake akifungua vifungo vya blauzi huku akitabasamu, alikuwa anafuka mvuke. Kile hakikufuka.

"Karibu nawe," kilisema, na midomo haikucheza. "Nani amekuuliza hali leo? Wamekuleta huku ulee watoto wao. Watoto wamekua. Sasa wanakufungia. Kaa hapa upate joto."

Yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchemsha. Akamshika Mukandayisenga kiuno akamvuta nyuma.

"Uchungu huo ni wangu!" alifoka. "Nitamwambia mwanangu kwa kinywa changu. Wewe nani hata unichukulie? Jina lako?"

Bibi yake mzaa mama alikuwa fundi wa pepo, na yeye akiwa mtoto ndiye aliyembebea chetezo cha ubani. Alijua pepo huulizwa jina, makao na haja, tena huulizwa kwa ukali.

"Zadock," kilisema.

"Mwongo! Jina lako!"

Akaanza kuisoma Ayatul Kursi kwa sauti kubwa, meno yakigongana. Kile kikajikunja. Mukandayisenga alizinduka, akaiona miguu yake, akapiga yowe, kisha akaanza kuomba kwa jina la Yesu juu ya sauti ya mwenzake, mkono wake umemng'ang'ania begani.

"Sina jina," kilinong'ona hatimaye. "Nakaa walipo wanaongoja. Nataka joto lao."

"Basi apa. Kwa Aliyewatiisha majini kwa Suleiman, hutakanyaga jengo hili tena, wala hutaita jina la yeyote alalaye ndani yake."

"Naapa," kilisema, upesi upesi. Benchi likawa tupu.

Badawy alifika baada ya saa nzima. Aliwakuta jikoni, miguu ya Mukandayisenga imo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, vidole viwili vimekuwa vyeusi.

"Nilidhani alarm imeharibika," alisema.

"Ililia, na hukuja." Bi Bimkubwa hakuinua sauti. "Nilikwambia kwa Kiswahili, ukaenda kumuuliza Stacy. Kamlete daktari. Kisha uking'oe kidude chako."

Badawy akaviona vile vidole, akashika simu kumwita daktari. Usiku ule alikishika kile kidude akakifungua mwenyewe, skrubu baada ya skrubu, mama yake akimsimamia.

Siku nne zilipita kwa amani. Kila saa kumi wazee wa ghorofa ya tatu waliacha milango wazi, wakakusanyika kwa Bi Bimkubwa kunywa chai. Siku ya tano wakaona taa nyekundu za gari la wagonjwa zikizunguka kwenye kioo cha dirisha. Ng'ambo ya barabara, mbele ya jengo la matofali, watu wawili walikuwa wakimwinua bibi mmoja wa Kizungu kutoka kwenye ngazi za nje. Gauni lake la kulalia limeshuka hadi kiunoni. Alikuwa anatabasamu, na hakuwa anapumua.

Vikombe vya chai vikatuliwa chini.

"Ulikiapisha kisikanyage jengo hili," Mukandayisenga alisema taratibu.

"Hili tu." Bi Bimkubwa alijipiga paji la uso. "Mpumbavu mie! Kiliapa mbio mbio, nikafurahi!"

Akavaa buti za mwanawe na makoti mawili. Mukandayisenga, bendeji mguuni, alikwisha kutwaa mkongojo wake.

"Daktari alikukataza kutembea," Bi Bimkubwa alisema.

"Daktari hakukiona."

Wakavuka barabara wameshikana mikono, hatua moja moja juu ya barafu, gari moja likiwapigia honi. Mlango wa jengo lile ulikuwa wa kioo, umefungwa. Ndani, kwenye ujia, mzee mmoja mwenye nywele nyeupe alikuwa anakuja kuufungua, macho yake yakitazama kitu nyuma ya mabega yao, na huku anakuja akifungua vifungo vya shati.

Bi Bimkubwa hakugeuka nyuma. Aliubana mlango kwa mikono miwili na uzito wake wote ili usifunguke, akajaza kifua hewa ya baridi, akaanza kuisoma ile Ayatul Kursi.