Sweta Isiyokauka

Mwezi wa Julai Nairobi, nguo ikilowa imelowa. Katika mtaa wa Jamhuri, sare zilizofuliwa Jumamosi zilikuwa bado zinaning'inia kwenye kamba Jumatatu asubuhi, nzito kwa maji, na wingu halikuonyesha dalili ya kuondoka.

Lenox alikuwa kwenye lango la shule mapema kama kawaida. Alikuwa kiranja wa sare, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Alikagua soksi, akakagua tai, akawaamuru wadogo wachomekee mashati. Hakuwa mtoto mbaya, la. Ila cheo kilikuwa kimempanda kichwani, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mara akatokea Nzembi, msichana wa darasa lake, Gredi ya Saba. Alikuwa amevaa sweta nyekundu badala ya ile ya kijani ya shule.

"Hiyo nayo ni nini?" Lenox akamuuliza.

"Ya shule haijakauka. Mama aliifua juzi na jua halijatoka."

"Kila mtu ana hadithi yake. Rudi nyumbani uvae sare."

"Lakini nyumbani hakuna mtu. Mama ameenda kazini Westlands."

"Si una ufunguo? Nenda bwana, unazuia wenzako njia."

Watoto wa Gredi ya Nne waliokuwa nyuma wakacheka. Nzembi akageuka akaondoka, kichwa chini. Sasa, kiranja hakuwa na ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani. Alitakiwa kumpeleka kwa mwalimu wa zamu, naye ndiye angeamua. Lenox alilijua hilo vizuri sana.

Darasani, Mwalimu Milcah alipoita majina, Nzembi hakuitika.

"Nani amemwona Nzembi?"

"Hajaja, Mwalimu," Lenox akajibu haraka. Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria, na ukishatoka haurudi mdomoni.

Mwalimu akampigia simu mama yake Nzembi. Kabla ya mapumziko kwisha, Mama Nzembi akafika shuleni mbio, bado amevaa aproni ya kazi ya usafi. Wanafunzi walimsikia kupitia dirisha.

"Tulitoka nyumbani pamoja, Mwalimu. Nikamwona kwa macho yangu akishika njia ya shule. Na huyu mtoto ana pumu. Baridi hii haimfai hata kidogo."

Bawabu alisema hakumwona, kwa kuwa wakati huo alikuwa akiwafungulia watu wa mkate lango la nyuma. Mwalimu mmoja akatumwa aangalie upande wa uwanja wa maonyesho, mwingine upande wa Barabara ya Ngong. Wote wakarudi mikono mitupu. Nyumbani hakuna aliyewaza kuangalia, maana mama alikuwa amemwona akienda shule. Mwalimu mkuu akasema sasa ni lazima waende polisi. Hapo Mama Nzembi akakaa chini kwenye ngazi na kuanza kulia.

Lenox alikuwa na hofu, tena hofu mbili. Akisema, atavuliwa beji na shule nzima itajua. Asiposema, huenda Nzembi asipatikane. Alikuwa akijiambia kwamba Nzembi ataingia mlangoni dakika yoyote. Dakika zilipita na mlango haukufunguliwa. Mwishowe akainuka, akatoka bila kuomba ruhusa, akaenda kwenye ngazi walipokuwa Mwalimu Milcah na Mama Nzembi.

"Mwalimu," alisema. "Nzembi alikuja. Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani, kwa sababu ya sweta."

Mama Nzembi hakungoja maelezo. Alikimbia kuelekea nyumbani, Mwalimu Milcah na Lenox nyuma yake. Walipanda ngazi za ploti, jengo la vyumba vya kupanga walikoishi, wakihema. Mlango ulikuwa haujafungwa.

Nzembi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, mbichi kabisa, akidhani itamkaukia mwilini arudi darasani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na kifua kilikuwa kikipiga mluzi. Mama yake akamvua ile sweta, akamfunika blanketi, akamwekea mdomoni dawa yake ya kuvuta. Nzembi akavuta mara ya kwanza, hakuna kitu. Akavuta tena. Lenox alisimama mlangoni hadi aliposikia pumzi imeanza kutulia. Wakampeleka zahanati papo hapo.

Nzembi alipopona, Mwalimu Milcah alipanga viti kwa duara darasani, akamwita na Mama Nzembi. Katika shule ile, aliyekosa na aliyekosewa hukaa uso kwa uso, na kila mmoja husema yake bila kukatizwa. Lenox angependelea kufyeka nyasi za uwanja mzima kuliko kukaa pale.

"Samahani, Nzembi. Samahani, Mama," alisema.

"Ulipokuwa umenyamaza," Mama Nzembi akauliza polepole, "ulikuwa ukingoja nini?"

"Nilikuwa nikingoja arudi mwenyewe."

"Na kama asingeweza?"

Lenox alifunika uso kwa mikono. Alilia, na hakuna aliyemkataza.

Mwalimu akamgeukia Nzembi. "Wewe ungetaka nini kifanyike?"

"Mtu akija bila sare, aulizwe kwanza," Nzembi akasema. "Halafu asikilizwe. Mimi sikusikilizwa."

"Itakuwa hivyo," Mwalimu akajibu. "Na siku za baridi, sweta yoyote yenye joto itaruhusiwa, mwalimu mkuu amekubali. Lenox, utarudisha beji, lakini langoni utaendelea kusimama pamoja na Nzembi. Asiye na sare mtamsikiliza, kisha mtamleta kwa mwalimu wa zamu. Sare tunaivaa ili kila mtoto ajione ni wa hapa, si ili kumfungia mtu nje. Na kosa lako la langoni tungelirekebisha asubuhi ile ile. Kunyamaza ndiko kulikotaka kutuulia mtoto. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa."

Mama Nzembi akainuka, maana kazini walikuwa wakimngoja. Akafika alipoketi Lenox, akamshika bega.

"Kesho asubuhi mpitie mwenzako nyumbani," alimwambia. "Mje shule pamoja."