Maziwa ya Kumpima Milembe

Kila asubuhi ya likizo ya Juni, Kija alipika uji, kisha akafuatana na wenzake kuchuma pamba. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia kijijini Ngulyati, kila mmoja na mizani yake, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Mnunuzi alizamisha mkono ndani ya gunia akitafuta maji na mchanga. Naye Bundala, baba yake Kija, hakupima pamba kabla ya kuweka kwenye mizani jiwe ambalo uzito wake aliujua.

"Kitu usichokiamini, kipime," alizoea kusema.

Mwaka huo Kija hakumwamini Milembe, binti wa mama yake mkubwa, aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Milembe aliugua saratani ya damu akiwa mdogo, akatibiwa, akapona. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kukimbia na hodari wa mdako. Lakini kibuyu cha maziwa ya mgando, yasiyowahi kuona moto, kilipozunguka shambani na kila mtu akapiga funda, yeye alikipitisha tu.

"Nakunywa yaliyochemshwa. Daktari alinikataza haya."

"Si ulipona?" Kija aliuliza.

"Nilipona."

"Aliyepona hula kama wengine. Au unatuona wachafu?"

"Anaogopa tutamloga," kaka yake Kija, Malimi, alidakia. Watu wakacheka. Milembe hakucheka.

Shaka ikamkaa Kija rohoni. Asubuhi moja aliutia uji wa Milembe maziwa mabichi, ulipokwisha kupoa. Milembe akanywa, akausifu. Jioni alicheza mdako kama kawaida. "Nimemkamata," Kija alijiambia. "Hana lolote."

Siku chache baadaye Milembe aliacha kuchuma, akaketi juu ya gunia akitetemeka.

"Kija, mwite mama mdogo. Nina homa. Mimi nikipata homa, lazima nipimwe siku hiyo hiyo."

"Ugonjwa wako huja na kuondoka kama wanunuzi wa pamba!" Kija alimkejeli. Lakini alipomshika mkono ili amwinue, ulikuwa wa moto kama sufuria.

Mama yake, Esteria, alikuja mbio. "Malimi, nenda kwenye lile duka jipya la dawa ukalete vidonge vya malaria. Atalala, kesho atakuwa mzima."

Kija aliukumbuka ule uji. Hakuna aliyemwona akiutia maziwa siku ile. Angeweza kunyamaza, na vidonge vingeletwa. Akamtazama Milembe, ambaye meno yake yalikuwa yakigongana.

"Mama, huenda si malaria. Nilimtilia maziwa mabichi kwenye uji. Nilikuwa nampima."

Esteria hakumgombeza, hapakuwa na wakati. Bundala alilisimamisha lori la mnunuzi, wakapanda juu ya magunia hadi hospitali ya Bariadi.

Vipimo havikuonyesha malaria. Vijidudu vya tumboni vilikuwa vimeingia kwenye damu. Milembe alitundikiwa dawa, na baada ya siku kadhaa homa ikashuka. Ndipo Daktari Klementina alipomwita Kija.

"Saratani yake imekwisha," alisema. "Lakini dawa kali zilizoiua ziliidhoofisha pia kinga ya mwili. Kwa baadhi ya waliopona, udhaifu huo hudumu miaka mingi, ingawa kwa macho ni wazima. Maziwa mabichi yanaweza kumdhuru yeyote. Yeye yanamdhuru zaidi. Na homa yake haingojewi."

"Angekufa?"

"Angeweza. Ungenyamaza, tungechelewa."

Kija alimwomba Milembe msamaha. Bundala alikohoa.

"Jiwe langu ni la mizani, mwanangu. Mizani haina mdomo, ndiyo maana tunaipima. Mtu huulizwa, na akijibu, husikilizwa. Huyu alikujibu tangu siku ya kwanza."

"Nimemsamehe, baba mdogo," Milembe alisema kwa sauti ndogo kutoka kitandani. "Ila uji wangu, kuanzia leo, atauchemsha mbele yangu."