Kioo Kimeamkaje?

"Jumba linaanguka! Shukeni!"

Nani alisema? Hata leo hajulikani. Saa nne asubuhi, nyuma ya River Road, ngazi za jumba moja la ghorofa nne zilijaa watu, viatu, marobota ya mitumba na jina la Yesu. Wavinya, fundi wa nguo wa ghorofa ya tatu, alikuwa akishuka na gauni la harusi la mteja begani, blauzi yake nyeupe imechanika kwapani kwa msukumano. Katikati ya ngazi akagongana na mwanamume wa ovaroli lenye vumbi la simiti na kofia ngumu ya njano. Huyo alikuwa akipanda.

"Wewe! Huoni wenzako wanashuka?"

"Naona. Lakini mimi nimekuja kupunguziwa suruali." Akainua mfuko wake. "Kwani kuna nini?"

"Ukuta umepasuka, jumba linaanguka!"

"Nani ameona?"

"Hannah wa viatu."

"Kwa macho yake?"

Wavinya akalipandisha gauni begani. "Ametumiwa kwenye simu."

"Na aliyemtumia?"

"Si naye alitumiwa!"

"Basi shuka na gauni lako, dada. Nyufa ndiyo kazi yangu."

Alikuwa Okinyi, mwashi katika mjengo mmoja wa Westlands. Mchana mhandisi wa kaunti akaja, akapima, akasema ufa ni wa plasta, watu warudi lakini uangaliwe. Ulikuwa juu ya cherehani ya Wavinya kabisa. Okinyi akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa huo, akakigandisha kwa plasta pande zote mbili, akaandika tarehe.

"Ufa peke yake si kesi. Kesi ni kama unatembea. Ukisogea hata unene wa karatasi, kioo kitavunjika. Kikivunjika, toka kwanza, halafu unipigie."

"Na kisipovunjika?"

"Nipigie pia."

Jamani, mwashi gani huyo! Wavinya alijifanya anatafuta sindano ili asionekane akitabasamu. Tangu siku hiyo, kila saa mbili asubuhi alikipiga kioo picha, akaituma, na simu ikalia.

"Sasa, mrembo. Kioo kimeamkaje?"

"Poa. Mwenye kioo je?"

"Mwenye kioo anaumwa."

"Wapi tena?"

"Njoo Jumapili nikuonyeshe."

"Ushindwe!" Akacheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni.

Jumapili Okinyi alimngojea nje ya kanisa Riruta, suruali aliyopunguziwa imepigwa pasi, wakatembea wakila mahindi ya kuchoma. Wavinya alimpenda. Nasema hilo waziwazi, maana yaliyofuata yanaweza kukufanya ushuku.

Mwezi wa tatu tangu kioo kibandikwe, Hannah alituma picha kwenye grupu la wapangaji. Okinyi ameketi mkahawani Westlands na Kibe, mwenye jumba, wote wawili wanacheka. Chini yake pameandikwa: Fundi amenunuliwa atutulize mpaka tufie ndani. Sambaza. Wakasambaza, na hakuna aliyeuliza kitu.

Jioni Okinyi alipopanda na mfuko wa machungwa, wapangaji walikuwa wamejaa mlangoni mwa Wavinya.

"Muulize, Wavinya!" Hannah akafoka. "Ama mnakula pamoja?"

Macho yote yakamgeukia. Aliogopa kubaki peke yake, basi akayatoa maneno ambayo hata hayakuwa yake. "Okinyi, Kibe amekupa nini?"

Okinyi akaweka machungwa juu ya meza. "Mpenzi, wewe umeona nikipewa?"

"Nimeona picha."

"Sawa." Aliumia, na kiburi kikamzuia kueleza. "Lakini kioo kikivunjika, toka kwanza. Hata kama hunipendi tena."

Siku tisa simu haikulia. Kila asubuhi Wavinya alikipiga kioo picha, akakosa wa kumtumia.

Siku ya kumi, kioo kilikuwa vipande viwili.

Hannah akachungulia. "Ah, umekigonga na pasi. Hujasoma grupu? Kibe ameandika jumba ni imara, tusitishwe na mafundi. Shona nguo zako."

Ona watu! Wale wale waliokimbizwa na ujumbe wa simu, sasa wamekalishwa na ujumbe wa simu. Wavinya alitaka kupiga nduru. Akakumbuka siku ile ya ngazi, mama mmoja alivyokanyagwa akavunjika mkono. Akaimeza nduru yake. Cherehani mbili na wateja wa miaka sita ndivyo vitu alivyokuwa navyo duniani, akaviacha, akaenda mlango kwa mlango na simu mkononi.

"Hii ni picha ya jana, hii ni ya leo. Angalia mwenyewe. Ukishaona, shuka polepole, umshike jirani mkono."

Hannah aliangalia ya jana, ya leo, ya jana tena. Akamshika jirani mkono, akashuka. Dakika kumi hazikuisha, watu arobaini walikuwa ng'ambo ya barabara na hakuna aliyeumia hata kidole.

Hapo ndipo Wavinya alipoinua macho. Paani, juu ya duka lake hasa, palikuwa na tangi kubwa jeusi la maji ambalo jana asubuhi halikuwepo. Akapiga simu.

"Kioo kimevunjika."

"Uko wapi?"

"Nje. Sote tuko nje."

Akasikia pumzi ndefu. "Mungu ni mwema."

"Kuna tangi jipya paani, upande wangu. Ndilo, sivyo?"

"Wavinya! Tangi hilo ndilo lililonipeleka kwa Kibe, kumsihi asiliweke pale. Alikubali, ndiyo maana nilicheka. Sikutaka kukutia hofu."

"Ungeniambia."

"Kweli, nimekosa."

"Na mimi niliazima akili za watu na zangu ninazo. Nisamehe, kipenzi."

"Kaa mbali na ukuta. Nakuja."

Alikuja kwa boda. Mhandisi naye akaitwa, tangi likamwagwa maji, jumba likafungwa. Wengine walitaka kumpiga Kibe, lakini Wavinya akawaambia kumpiga hakutainua nguzo hata moja. Wakaandika barua moja ya kumtaka Kibe alitengeneze jumba, sahihi arobaini, na mhandisi akaiunga mkono. Wiki sita baadaye nguzo mpya ilikuwa imesimama, tangi likiwa chini uani.

Siku ya kurudi Wavinya alivaa kitenge cha rangi ya machungwa alichojishonea. Okinyi akapanda kiti, akabandika kioo kipya, akaandika tarehe. Wavinya akaisoma.

"Umekosea. Leo ni tarehe tatu Septemba. Umeandika tano Desemba."

"Sijakosea. Hiyo ndiyo siku nitakayokuja Kitui na wazee wangu kuongea na baba yako. Ukikubali."

Wavinya akashika ukingo wa cherehani. "Na kioo kikivunjika kabla?"

"Utoke kwanza, halafu unipigie."

"Na kisipovunjika?"

"Nipigie pia."

"Nimekubali," akasema, machozi yakimtiririka. "Nimekubali, Okinyi."

Mlangoni Hannah alikuwa amesimama, simu juu. "Woi! Nitume kwenye grupu?"

Wavinya akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Umeona kwa macho yako?"

"Haki ya Mungu, nimeona."

"Basi sambaza."