Uyoga Haukimbii Sauti ya Filda

Kila asubuhi, wanawake sita wa kikundi cha Logiri walisali mlangoni pa nyumba yao ya uyoga. Kisha waliingia wakinong'ona. Tangu utotoni waliambiwa kwamba uyoga humkimbia mtu mwenye kelele. Na Filda alikuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Mwanzoni mwa 1993 waliiezeka nyumba hiyo kwa mabati mapya. Walikuwa wamerudi Uganda kutoka ukimbizini Zaire, na hakuna aliyetaka tena paa la nyasi. Jua la Januari likawaka. Uyoga ukachomoza, ukanywea, ukafa katika mifuko yake ya maganda ya pamba.

"Ni mdomo wa Filda," alisema Ayikoru, mwenyekiti. "Jana alimgombeza mbuzi hapa hapa mlangoni!"

"Mbuzi alikuwa anakula mfuko wetu! Ningemnong'oneza?"

Wengine walicheka. Ayikoru hakucheka. "Toka, dada. Usikanyage hapa tena."

Filda aliwaka. Nusu ya mifuko ile aliijaza kwa mikono yake mwenyewe! Alipofika nyumbani alipiga magoti. "Mungu wangu, sauti hii umenipa wewe. Nionyeshe kinachoua uyoga."

Jumapili akaja Lokule, fundi wa malori wa Koboko, aliyemwoa dada yake. Filda alimpeleka mpaka mlangoni pa nyumba ya uyoga, yeye akabaki nje. Lokule aliingiza kichwa, akakitoa kimelowa jasho.

"Shemeji, hapana mutu naua uyoga hii. Joto ndiyo naua. Nyumba iko kama injini bila rejeta."

"Rejeta inafanya nini?"

"Maji inapita ndani ya bomba nyembamba, hewa inapita nje. Hapana kuchanganyika, lakini joto inahama. Kwa lori, maji iko moto, hewa inachukua joto. Hapa tunageuza. Maji ya chemchemi iko baridi. Itachukua joto ya hewa."

"Na uyoga hautalowa?"

"Maji inabaki ndani. Inaingia kwa mpira ya maji, inatoka kwa mpira, inaenda kwa mboga yenu."

Ayikoru aliposikia, alikunja uso. "Vyuma vya lori katika nyumba tuliyoiombea?"

"Tuliomba, na jibu limekuja na spana!" alisema Filda. "Mtalikataa kwa sababu nimelileta mimi?"

Ayikoru alisogea kando ya mlango, akawapisha.

Lokule alileta rejeta mbili kuukuu. Aliziosha mpaka mafuta yakaisha, akaziba zilipovuja, akazitundika juu karibu na paa. Maji yaliteremka yenyewe kutoka chemchemi ya mlimani. Hewa ya moto ilipanda, ikagusa rejeta, ikapoa, ikashuka penye mifuko. Juu ya mabati wanawake walitandika nyasi, zile zile walizozidharau. Matundu ya hewa hawakuyaziba.

Filda alisoma kipimajoto alichokileta Lokule, saa nane mchana. Kabla ya rejeta kilisema thelathini na sita. Sasa kilisema ishirini na sita.

Baada ya wiki tatu uyoga ulijaa mifuko yote, mweupe na mnene.

"Tusahau yaliyopita, dada," alinong'ona Ayikoru.

"Hapana. Ulinifukuza mbele ya watu. Nisafishe jina mbele ya watu."

Ayikoru aliweka kikapu chini. Kisha aliwageukia wenzake. "Filda hakuua uyoga. Tuliuchoma sisi, kwa mabati yetu. Nilimsingizia."

Filda alichukua kikapu, akaingia, akaanza wimbo wa sala ya asubuhi kwa sauti yake yote, hata mabati yakavuma.

Hakuna uyoga uliokimbia.