Masuke Yaliyobaki Shambani

Kengele ya mwisho ilipogongwa, wanafunzi wa darasa la sita walitoka kwa makundi, wakisukumana na kucheka. Kulwa alitoka wa mwisho, peke yake kama kawaida. Tangu familia yake ihamie kijiji cha Ulaya, wilayani Kilosa, kutoka Bariadi, kila mtu alimuuliza swali lilelile: "Wewe Kulwa, Dotto wako yuko wapi?" Dotto, pacha wake, alibaki Bariadi kwa bibi. Kulwa alichoka kujibu, na baada ya muda watu nao wakachoka kuuliza. Hapo ndipo upweke ulipomkaba kweli.

Jioni aliandamana na mama yake kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Pale kijijini, mwenye shamba akishabeba magunia yake yote, asiye na chakula huruhusiwa kuingia na kuokota masuke ya mpunga yaliyobaki. Ng'ombe wao wengi walikufa kwa ukame kule Bariadi, na walipofika Ulaya msimu wa kupanda ulikuwa umepita. Kwa hiyo waliokota. Kulwa alijitanda kitenge mpaka usoni, maana shamba lilikuwa la Mzee Tomasi, baba yake Regina, msichana aliyependwa kuliko wote darasani.

Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja alieleza mbele ya wenzake kitenzi cha Kiingereza wasichokijua. Zamu ya Kulwa ilipokaribia, alifungua kamusi ya shule na jicho lake likatua kwenye neno "glean". Aliposoma maana yake alishtuka. Kuokota masuke yaliyoachwa na wavunaji! Kumbe hata Waingereza wana neno la kazi ile anayoificha.

Ijumaa hiyo Mwalimu Hildegarda, mwalimu wao wa Kiingereza, alikuwa kwenye semina Kilosa mjini, akamwachia darasa kiranja Frank. Kulwa alisimama. Aliyatazama macho yale yote, aibu ikamshika, akadanganya.

"'Glean' ni kuvuna mazao mengi mno," alisema. "Kwa mfano: Every year my father gleans more rice than his neighbours." Yaani kila mwaka baba yake huwazidi majirani kwa mpunga.

Darasa likapiga makofi. Regina akamwita, "Kumbe nyie matajiri! Njoo ukae na mimi."

Tangu siku hiyo walikaa dawati moja na kugawana mihogo wakati wa mapumziko. Lakini Kulwa hakuwa na raha. Aliona kabisa kwamba Regina amempenda msichana mwingine, yule wa magunia ya uongo, na yeye mwenyewe bado yuko peke yake.

Wiki iliyofuata Regina alimjia mbiombio. "Nimechaguliwa kwenda Mikumi kwenye mashindano ya kuzungumza Kiingereza! Mada ni kilimo. Nitaanza na neno lako, nimsifu baba."

"Umemwambia mwalimu?"

"Wala! Nataka alisikie hukohuko ukumbini."

 Kulwa alimwona Regina akilini, mbele ya ukumbi mzima, akijisifu kwamba baba yake anaokota masazo. Akinyamaza, rafiki yake atachekwa. Akisema, atampoteza.

Baada ya masomo alimshika mkono. "Nifuate."

Walipofika shambani kwa Mzee Tomasi, Kulwa aliinama, akaokota suke moja, kisha jingine. "Hii ndiyo 'glean'," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Nilidanganya. Hatuna magunia. Mimi na mama tunaokota hapa kwenu."

"Kwa hiyo ungeniacha nikachekwe?"

"Ndiyo maana nimekuambia."

Regina aliondoka bila kuaga. Kesho yake alihamia dawati jingine. Kulwa alikwenda ofisini, akamwamkia Mwalimu Hildegarda, akamweleza yote, kisha akasimama mbele ya darasa na kutoa maana sahihi. Wengine walimcheka. Siku zile zilikuwa ndefu.

Jumatatu baada ya mashindano, Kulwa alikuwa ameinama shambani aliposikia nyayo. Alikuwa Regina, ameshika ungo, na Mwalimu Hildegarda nyuma yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Kulwa. Mwenzako ameshika nafasi ya pili."

"Nilionyesha neno lako kwa vitendo," alisema Regina. "Niliinama palepale ukumbini! Wakaniuliza nani alinifundisha. Nikasema rafiki yangu."

Mwalimu alimwekea Kulwa mkono begani. "Mwanangu, kuokota chakula kwa jasho lako si aibu. Aibu ni kumpa mwenzako uongo akautumie mbele za watu. Wewe uliurudisha ukweli ingawa ulijua utakugharimu rafiki. Kumbuka hilo."

Regina aliinama kando yake, akaanza kuokota. Kisha akauliza, "Hivi, Dotto wako yukoje?"

Safari hii Kulwa hakuchoka. Aliondoa kitenge usoni, akaanza kumsimulia.