Kitanda Kimoja Melini

Siku ya mwisho ya kutuma maombi, siku ambayo mtu mwenye akili zake huwa amemaliza kazi wiki nzima kabla, Nasimiyu Masinde alikuwa kwenye foleni ya saiba moja, duka la mtandao, katikati ya mji wa Nakuru, karatasi mbili mkononi, akichemka. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye shati la drafti na viatu vilivyogandwa na matope mekundu. Alikuwa akiskani kurasa moja moja, kwa utulivu, kana kwamba ile mashine aliirithi kwa babake.

"Boss, umebakisha ngapi?" akamuuliza.

"Kama thelathini hivi."

"Mimi niko na mbili tu."

"Basi wewe umebarikiwa, mrembo. Vumilia kidogo."

Nasimiyu alikuwa tayari kumpa maneno yake, lakini jicho likaangukia ile karatasi. Fomu ileile. Nchi nzima ilikuwa na meli moja ya utafiti, na wanasayansi wa vyuo vyote waliigawana kama ndugu wengi wanavyogawana bafu moja. Ilikaa Mombasa, ilikuwa na vitanda vinane vya watafiti, na kila mwaka kamati ilipokea maombi zaidi ya mia. Nasimiyu alikuwa akifuatilia udongo wa mashamba ya milimani unaobebwa na mito hadi baharini. Matope ya mito alikuwa nayo, chupa kwa chupa. Yaliyokosekana ni ya chini ya bahari tu, na bila hayo shahada yake ya uzamifu ingekufa. Alikuwa ameshanyimwa mara moja. Jamaa zake nao hawakukoma kumuuliza Nakuru kuna bahari gani.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Mimi nani?"

"Unayenilalia kitanda changu."

Foleni nzima iligeuka. Mwanamume alicheka hadi akashika ukuta, na Nasimiyu, alipotambua alichosema, masikio yakamwaka moto. Jamaa akampisha. Ukurasa wake wa pili ulipotoka tu, stima ikapotea, na yule bwana akabaki na kurasa thelathini na mashine iliyozimika. Hakulalamika. Alisema kwa kuwa mwaka wake umeshaharibika, angalau amnunulie chai. Jina lake Muturi, mwalimu wa chuo kingine, mzaliwa wa Subukia, mtafiti wa mwani mdogo wa maziwa ya chumvi aliyetaka kuulinganisha na wa baharini.

Nasimiyu naye alinyimwa mwaka huo, kwa hiyo wakawa sawa, na mapenzi yakapata nafasi. Muturi alikuja kila Jumamosi na maparachichi ya kwao kwenye mfuko. Nasimiyu alivaa gauni lake la njano, lile ambalo mamake alisema ni la harusi za watu wengine. Muturi alimwita Kapteni, yeye ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi. Naye akamwita Mkulima kwa sababu ya vile viatu. Kitu kimoja tu kiliwagombanisha: ile fomu. Kila mmoja aliona kazi yake ndiyo inayostahili kitanda. Walipogombana mara ya tatu mbele ya sahani ya chipsi, wakakubaliana neno meli lisitajwe tena kati yao. Walijiona watu wazima sana kwa makubaliano hayo, na hayo ndiyo yaliyowaponza.

Mwaka uliofuata kila mmoja alituma ombi lake kimya. Kisha kamati ikatangaza kuwa watakaoomba wawili wawili, wakagawana siku na vifaa, watafikiriwa kwanza. Nasimiyu alifurahi peke yake kama mwizi. Jumatatu akaingia kwenye mtandao, akabadilisha ombi lake, akaandika jina la Muturi mahali pa mwombaji mwenza, mtandao ukaunganisha maombi yao, naye akanyamaza ili amshtue. Wiki iliyofuata akapata jibu. Ombi lake la pamoja limekataliwa, kwa kuwa mwenza amejiondoa.

Aliisoma mara nne. Mwanamume aliyekula naye maparachichi mwaka mzima amemkataa kupitia kwa kamati, bila adabu ya kupiga simu. Akalia, akaosha uso, akaacha kupokea simu zake. Muturi akaendelea kutuma ujumbe wa kumwudhi mtu: Kapteni, usisahau sweta. Kapteni, baharini kuna upepo. Nasimiyu aliona anachekwa wazi wazi.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Muturi akatokea kwa geti la mamake huko mtaa wa Section 58, viatu vimepigwa rangi, mkononi begi jipya. Alitoa koti la mvua, tangawizi na pakiti ya dawa.

"Hii ni ya nini?"

"Ya safari. Wanasema ile meli inayumba, utatapika."

"Nitatapikia wapi, Muturi? Kwa sinki ya mathe?"

Muturi akamtazama asielewe. Akauliza kwani hajapata nafasi. Nasimiyu akamwekea simu usoni asome mwenyewe. Alisoma, akakaa kwenye ngazi polepole.

"Mimi nilijiondoa ndio upate wewe," akasema. "Nilijua tukiwa wawili kutoka Nakuru watatukata wote. Lile tangazo la wawili wawili mimi sikuliona."

"Ulijiondoa lini?"

"Jumanne."

"Na mimi nilikuweka Jumatatu."

Huko ndani mama akazima redio ili asikie vizuri.

"Nani alikuomba unisaidie?" Nasimiyu akasema. "Kuuliza si ujinga, Muturi. Ungeniuliza tu."

"Si tulisema tusiongee mambo ya meli?"

"Tulisema tusigombane. Sasa ona. Wema wako umenimaliza kuliko ubaya wa mtu yeyote."

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo lilimuudhi Nasimiyu zaidi. Alimpenda huyu mtu, na kumpenda kulimchosha kama kupanda ngazi na mtungi wa gesi. Akachukua simu, akampigia Cheruto, mratibu wa safari huko Mombasa, akaiweka spika. Wakaeleza kwa zamu, wakikatizana.

Cheruto alisikiliza hadi mwisho. Alisema amefanya kazi hiyo miaka tisa, na ameona watu wakipigania kitanda kwa barua za mawakili, lakini hajaona wawili walioachiana hadi wakakikosa. Kisha akapekua karatasi.

"Kuna mmoja amejiondoa jana, ati anaoa. Kitanda ni kimoja. Atakayekuja atachukua sampuli zenu nyote wawili. Nipeni jina."

"Muturi," akasema Nasimiyu.

"Nasimiyu," akasema Muturi, wakati huohuo.

Simu ikatoa pumzi ndefu. "Hamjajifunza kitu. Nahesabu hadi tatu."

Muturi akamgeukia Nasimiyu. "Nakuuliza sasa," akasema. "Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Alitaka ile meli tangu alipochota chupa ya kwanza ya matope. Mkulima angeweza kungoja mwaka mwingine, yeye asingeweza.

"Nataka kwenda," akasema. "Andika Nasimiyu Masinde."

Muturi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema ataleta chupa arobaini, na Kapteni asithubutu kuchanganya vifuniko.

"Haya," Cheruto akaendelea, kalamu ikisikika. "Fomu ya usalama. Kukitokea shida baharini, tumpigie nani?"

"Muturi Muiruri."

"Uhusiano?"

Nasimiyu akamtazama yule mtu aliyekaa kwenye ngazi ya mamake na dawa ya kutapika mapajani. Alimwudhi kuliko wote anaowajua, na hapakuwa na mwingine ambaye angetaka apigiwe simu.

"Andika mchumba."

Pakiti ya dawa ikaanguka.

"Yeye anajua?" Cheruto akauliza.

"Muulize. Yuko hapa."

"Bwana Muturi, nimeandika mchumba. Niache ama nifute? Na tafadhali, ukishaingia kwa hii fomu usijiondoe tena."

Muturi aliinuka, akaisogelea simu kama mtu anayeapishwa.

"Acha hivyo," akasema. "Sijiondoi."

Huko ndani mama akawasha redio tena, juu kidogo.